Ukishinda bahati nasibu na uko Kusini: namna ya kuishika hela isiyo na mti

Msimu wa 2017/18, bei ya korosho kwenye minada ya Tandahimba na Newala ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mimi nilikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, kazi yangu kuita majina na kuhakiki namba za akaunti za wakulima. Ule utani kwamba hela ilizidi hadi mbuzi akanyweshwa bia mnaujua wote. Mbuzi huyo mimi sikubahatika kumwona. Nilimwona mzee mmoja aliyekodi Noah nzima kwenda Masasi, akalipia viti vyote ili gari lisisimame njiani, akakaa mbele na redio mpya mapajani. Mwezi Mei mzee huyohuyo alikuja ofisini asubuhi, kavua kofia, anauliza kama chama kinaweza kumkopesha mifuko miwili ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho.

Namkumbuka kwa sababu alikuwa na kitu ambacho mshindi wa bahati nasibu hana. Mikorosho yake ilikuwa imesimama palepale. Oktoba ikarudi, akaokota, akapeleka ghalani, akalipwa. Hela ya bahati nasibu haina mti. Ikiisha, hakuna mnada wa pili. Mwongozo wote huu unazunguka hapo: namna ya kuitafutia mti kabla haijaisha.

Kwanza hesabu ndogo. Kwenye mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49 kuna michanganyiko 13,983,816. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu wa Mtwara na Lindi kwa pamoja wakafika kama milioni 2.8. Sasa wachukue wote hao, wazee kwa vichanga, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, wazidishe mara tano, halafu achaguliwe mmoja. Kwa hiyo wengi mnaosoma hapa hamtashinda, na mimi simshawishi mtu acheze. Lakini hatua hizi zinamfaa vilevile aliyepata kiinua mgongo, fidia ya shamba lililopitiwa na barabara, au mirathi iliyokaa mahakamani miaka saba. Zote ni hela za mkupuo, na zote huingia mara moja.

Hatua ya kwanza: hakikisha umeshinda kweli

Ujumbe wa "Hongera, namba yako imeshinda" unafikia watu wengi kuliko ushindi wenyewe. Ndugu yake ni ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huwezi kushinda mchezo ambao hukuucheza, na mchezo halali haumtaki mshindi atume hela kwanza, iitwe ada ya usajili, ya bima au ya kufungua faili. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni yenyewe kabla hujalipwa. Humtumii mtu kodi kwa simu. Ujumbe wa matapeli utume kwenda 15040.

Kama ulicheza kweli, bado usipige namba iliyo ndani ya ujumbe. Tafuta mwenyewe mawasiliano ya kampuni, na hakikisha ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Usifute ujumbe wa tiketi. Kama tiketi ni ya karatasi, andika jina lako nyuma, ipige picha pande zote mbili, kisha iweke katikati ya daftari gumu ndani ya nyumba. Karatasi za mashine hufutika kwa joto, na mfuko wa shati mwezi Desemba hapa Mtwara ni kama jiko.

Halafu angalia laini. Hapa ndipo watu wa huku tunakwama. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kijijini kwetu nawajua watu wanaotumia laini yenye jina la mtoto wa dada, la fundi simu, hata la mtu aliyeshavuka Ruvuma akahamia Msumbiji. Siku za kawaida haina neno. Siku ya milioni mia, mwenye jina atakumbuka ghafla kwamba yeye ndiye aliyecheza. Anayecheza arekebishe usajili leo. Aliyechelewa amtafute wakili kabla ya kumtafuta mwenye laini.

Hatua ya pili: nyamaza

Mwaka 2002 Mmarekani mmoja wa West Virginia, Jack Whittaker, alishinda bahati nasibu ya Powerball ya dola milioni 314.9. Hakuwa maskini, alikuwa na kampuni yake ya ujenzi. Alijitokeza mbele ya kamera na kofia yake pana, akatoa hela nyingi makanisani. Mwaka uliofuata aliibiwa ndani ya gari lake zaidi ya dola laki tano taslimu, na miaka iliyofuata ikawa ya kesi na misiba. Kila aliyemtaka alijua sura yake na pa kumpata.

Sasa West Virginia ni jimbo zima. Fikiria Nanyamba, mji mdogo wa huku kwetu. Ukinunua kreti moja ya soda kijiweni saa nne, saa sita mtu wa Mahuta ameshajua, na kreti kwake zimeshakuwa nne.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu usibadilishe simu. Usipeleke bati. Deni la dukani lipunguze kidogo kidogo, usilimalize siku moja. Kama ulikuwa unapanda daladala, panda daladala. Kampuni ikitaka kukupiga picha umeshika hundi kubwa ya ubao, soma vigezo na masharti kabla ya kusaini, uulize kama unaweza kukataa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha yako ni taarifa yako. Ukiona lazima ukubali, omba waandike mkoa tu, wasitaje kata.

Nani aambiwe? Mwenza wako, siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Najua kuna wanaoshauri vinginevyo. Mke akisikia kwa wifi yake, hataamini kwamba ulificha kwa ajili ya usalama. Ataamini unatafuta mke wa pili, na kwa ndoa nilizoziona zikifungwa Novemba na kuvunjika Machi, sitamlaumu. Na kama mshindi ni mwanamke, ajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu kila mwanandoa kumiliki mali yake kwa jina lake. Kumwambia mume ni jambo moja, kumkabidhi kadi ya benki ni jambo jingine.

Hatua ya tatu: benki, na kufuli la miezi mitatu

Akaunti iwe kwa jina lililo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Benki itakuuliza hela imetoka wapi. Usikasirike, sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha inawataka waulize. Wape uthibitisho wa malipo kutoka kampuni, ubaki na nakala.

Nashauri ukafungue Mtwara mjini, Masasi au Lindi hata kama kuna wakala jirani na kwako. Mhudumu wa benki amefungwa na kiapo cha kutunza siri. Foleni iliyo nyuma yako haijafungwa na chochote.

Jambo ambalo wengi hawalijui: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humfidia mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 kwa benki hiyo. Kinachozidi hapo husubiri mali za benki ziuzwe. Sisemi ufungue akaunti kwenye benki kumi na nne. Nasema usiiweke yote kwenye benki moja ndogo kwa sababu tu imekuahidi riba nono.

Kisha ifunge. Weka sehemu kubwa kwenye akaunti ya muda maalumu ya miezi mitatu. Riba yake si kubwa na hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, lakini pale hununui riba, unanunua jibu. Mtu akija na shida yake ya ghafla unamwambia ukweli mtupu: hela imefungwa, sina. Nje acha kiasi cha kuishi miezi mitatu vilevile ulivyokuwa ukiishi, na kidogo cha maradhi.

Hatua ya nne: kamwone sheikh wako

Wengi wetu huku ni Waislamu, na miongozo mingi ya hela hulikwepa jambo hili. Suratul Maida, aya ya 90, inaitaja kamari pamoja na ulevi kuwa ni uchafu katika kazi za shetani. Hela ya kamari haitakaswi kwa kuitolea zaka, na si ya kwendea Hija. Masheikh niliowauliza walinijibu karibu neno moja: anayetubu huitoa kwa maskini au kwenye manufaa ya watu wote, bila kutarajia thawabu.

Nilikuwepo siku mtu mmoja alipoleta bahasha kwa kamati ya msikiti ili wapake rangi na kubadilisha mazulia. Mzee wa kamati aliipima bahasha kwa kiganja, akauliza imetoka wapi. Yule bwana akasema ukweli. Mzee akairudisha taratibu juu ya meza. "Mwanangu," akasema, "hii labda ijenge choo cha stendi. Mihrabuni haiingii."

Siwezi kukuamulia. Ninachosema ni kwamba swali hili liulize mapema, ndani ya ile miezi mitatu, kwa mtu unayemwamini na asiyejua kiasi. Kuna watu nimewaona wakijenga kwanza, wakaanza kuumwa na dhamira nyumba ikiwa kwenye linta. Na kama jibu lako ni kutoa yote, hatua zilizobaki zipitie kwa ajili ya hela nyingine.

Hatua ya tano: kaunta buku

Nunua kaunta buku. Upande mmoja andika wanaokudai, upande wa pili unaowadai. Upande wa pili usahau kwa sasa, maana ukianza kudai leo watu watajiuliza umepata wapi ubavu.

Walio upande wa kwanza walipe kimyakimya, kwa mafungu: kikoba, ada, dukani. Kama mikorosho ya nyumbani iko rehani, hiyo ndiyo ya kwanza kabisa. Ikomboe kabla ya maua kutoka. Aliyeshika rehani akishapulizia salfa na kuona maua mazuri, kuachia kwake kutakuwa na maneno mengi. Mwandikishiane mbele ya mtendaji wa kijiji, mashahidi pande zote mbili, na ile karatasi ya zamani ichanwe mbele ya macho yako.

Halafu kuna mtego ambao hauandikwi kwenye vitabu vya Dar es Salaam. Kuanzia Mei hadi Agosti kijiji kizima hakina hela, na wewe unayo. Watakufuata watu wazima, wakulima wazuri, wakikuomba laki moja leo kwa gunia la kilo 80 utakalochukua Novemba. Bei ikiwa 2,500, gunia hilo ni laki mbili. Umezidisha hela yako mara mbili bila kutoka barazani. Hiyo ndiyo kangomba. Ni kosa, korosho zikikamatwa huna pa kulalamika, na huyo uliyemfanyia ndiye atakayekaa karibu yako msibani. Ukitaka kumsaidia, mpe mfuko wa salfa, yaishe.

Hatua ya sita: mjomba

Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo hufuatwa kwa mama, na mjomba ana kauli. Mjomba haji kuomba. Anakuja asubuhi, anakaa kwenye jamvi, anaomba maji, anayanywa yote, anaitazama paa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Nasikia Mungu amekutazama."

"Tunamshukuru mjomba, tu wazima."

"Uzima tu?"

Hapo ndipo watu wengi wametaja kiasi, na wakishakitaja hawalali tena. Usitaje. Lakini usimdanganye pia, maana atajua, na uongo kwa mjomba una kumbukumbu ndefu. Mwambie kuna kitu kidogo kimeingia, kimefungwa benki, na kitakapofunguka yeye atakuwa wa kwanza kuitwa. Kisha kweli awe wa kwanza.

Ndani ya ile miezi mitatu amua fungu la ndugu, ukiwa wewe na mwenza wako tu. Mimi naona asilimia 10 inatosha. Kwenye milioni 100 ni milioni 10, na hiyo si haba: ni ada za watoto kadhaa, matibabu ya mtu mmoja hospitali ya Ligula, na bati za nyumba ya mama. Litoke mara moja. Anza na mjomba, mpe mkononi, kitu cha maana. Halafu mwambie hivi: "Mjomba, hili lililobaki ni la ukoo, na wewe ndiye utakayesema nani aanze." Sasa foleni haipo tena mlangoni kwako, ipo kwake. Nimeona jambo hili likifanya kazi mara mbili, na mara moja likashindwa, kwa kuwa mjomba mwenyewe alikuwa anaezeka.

Kwa hilo fungu usitoe taslimu. Lipa shuleni, lipa hospitali, lipa kwa muuza bati na risiti ichukuliwe. Ndugu asikopeshwe. Mpe au mnyime. Mkopo kwa ndugu ni njia ya polepole ya kupoteza hela na ndugu kwa pamoja.

Jando na unyago zitazame kwa jicho lake. Likizo ya Juni ikikaribia utaambiwa kwamba mwali wa mwaka huu hawezi kutoka kama wa mwaka jana, kwa kuwa "baba yake yupo". Zitatajwa spika, zitatajwa sare za kina mama wote wa mtaa, atatajwa mpiga picha wa kurusha kamera angani. Toa gunia la mchele, toa mafuta, toa mbuzi, uwe umeonekana. Sherehe nzima ukiibeba mwaka huu, kila dada yako mwenye binti ameshahesabu mwaka wake.

Hatua ya saba: panda mti

Mimi sikuwahi kushinda kitu, lakini msimu uleule wa bei kubwa nililipwa korosho za shamba la marehemu baba pamoja na malimbikizo yangu. Nikanunua bodaboda tatu kwa siku moja. Nikawapa vijana, hesabu shilingi 7,000 kwa siku kila mmoja, mkataba wa mdomo. Kwenye karatasi ilikuwa 21,000 kila jioni. Mwezi wa kwanza ziliingia. Mwezi wa tatu mmoja akanipigia kutoka Mangaka, pikipiki "imelala". Nilienda. Niliikuta imeegemezwa kwenye mwembe, imeoshwa vizuri, na usafi huo ndio ulionishtua. Nikachuchumaa kwenye vumbi na kadi mkononi, nikaanza kusoma namba ya injini tarakimu moja moja. Nne za mwanzo zilifanana. Ya tano kwenye kadi ilikuwa 7, kwenye chuma ilikuwa 2. Nikafuta grisi kwa kidole, nikasoma tena. Ilikuwa 2. Yule kijana alisimama pembeni akichezea funguo, wala hakuuliza natafuta nini.

Tangu hapo nashauri mti wa kwanza uwe ule usiohitaji wewe uwepo.

Hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ni mti wa namna hiyo. Zinauzwa kwa mnada na Benki Kuu, ambayo ina tawi lake hapa Mtwara. Kiwango cha chini ni shilingi milioni moja, na muda unachagua kati ya miaka 2 hadi 25. Unafunguliwa akaunti ya kuhifadhia dhamana, ile inayoitwa CDS, kupitia benki yako au dalali wa Soko la Hisa. Riba huingia kila miezi sita, na muda ukiisha unarudishiwa mtaji wako. Tuchukue asilimia 10 kwa mwaka kwa ajili ya hesabu tu, kwani kiwango chenyewe hubadilika na kila hatifungani ina chake. Milioni 60 zitakupa milioni 6 kwa mwaka, yaani milioni 3 kila miezi sita.

Ipime kwa kipimo chetu. Milioni 6 kwa bei ya 2,500 ni kilo 2,400 za korosho. Mkorosho ukikupa kilo 10, unahitaji miti 240. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, eka moja huchukua miti kama 28, basi hizo ni karibu eka tisa, na hapo hatujahesabu salfa, palizi, waokotaji na makato. Eka tisa za karatasi, hazina ugonjwa wa ubwiriubwiri, hazina moto wa kichaa, na mtu hapiti usiku na gunia.

Zina maudhi yake. Ukitaka hela kabla ya muda utamwuzia mwekezaji mwingine kwenye soko la pili, na bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo usiingize yote. Kiasi cha dharura kiweke UTT AMIS, taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kwenye mfuko wa Ukwasi, ambako unaweza kutoa ndani ya siku chache. Wanao pia mfuko wa Hatifungani kwa anayetaka gawio la mwezi kwa mwezi. Asiyetaka riba kabisa aulize akaunti na sukuk, yaani hatifungani za Kiislamu, zinazofuata sharia, zipo nchini.

Shamba la kweli je? Linunue, lakini liwe la pili. Usiridhike na muuzaji na mwenyekiti peke yao. Uliza ukoo wa mama yake muuzaji, uliza majirani wa mipaka yote minne, uliza kama miti iko rehani, kisha jambo lipite serikali ya kijiji na muhtasari uandikwe. Omba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Ukipanda upya, chukua miche iliyobebeshwa inayotokana na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele. Huanza kuzaa mwaka wa tatu.

Na viwanja. Wakati wa habari za gesi kila mwenye hela Mtwara alijenga gesti. Gesi ikaingia kwenye bomba ikaenda Dar es Salaam, gesti zikabaki na mapazia. Nyingine sasa ni hosteli, nyingine zina popo. Mtu akikwambia nunua haraka Lindi kwa ajili ya mradi wa gesi wa Likong'o, mwulize yeye kanunua vingapi.

Atakayekuahidi mara mbili ndani ya miezi, mkumbushe DECI, ule upatu wa kupanda na kuvuna hela. Walipanda "mbegu" watu wazima na akili zao, serikali ikaifunga 2009, na mavuno hayakuonekana.

Mambo mafupi yaliyobaki

Lipia bima ya afya ya kaya yote. Andika wosia, upeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wautunze; Mwislamu akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi, na warithi hawaandikiwi humo. Mwenza ajue hati za benki ziko wapi. Kama bado unacheza, kiwango kiwe bei ya kikombe cha chai kwa wiki, na kitoke mfukoni, kisitoke kwenye mti.

La mwisho ni tarehe. Kwa kuwa riba ya hatifungani huja kila miezi sita, mwezi hatifungani ilipotolewa ndio unaoamua miezi utakayovuna. Watu wa Dar hawajali, lakini sisi huku tunajua hela hukauka lini. Ukinunua iliyotolewa Septemba, itaingia Machi, fedha za mnada zikiwa zimeshakwisha mtaani, na tena Septemba, kabla minada haijafunguliwa. Ukiwa na mbili, ya pili iwe iliyotolewa Desemba, ikulipe Juni, wakati wa ngoma.

Machi ya kwanza itakapoingia, amka mapema uende feri kabla madalali hawajamaliza samaki. Nunua nguru wa nyumba yako na wa mjomba, umpelekee mwenyewe. Akikuuliza hela ya Machi umeitoa wapi, mwambie umevuna.